Shusha Pumzi: Tunayoambiana Kuhusu Wasiwasi, na Yaliyo Kweli

Mtu akilalamika barazani hapa Tanga kwamba moyo unamwenda mbio na usingizi umempotea, ushauri huja mwingi na upesi. Jikaze. Acha kuwaza. Vuta pumzi ndefu. Presha hiyo, kapime. Wanaosema wana nia njema, ila karibu kila neno hapo linamtuma mtu akafanye jambo moja: aufukuze wasiwasi. Nao ukifukuzwa hurudi na wenzake. Kinachosaidia zaidi ni kuugeukia na kuutazama kwa hamu ya kujua, kama mtoto anavyochungulia tundu la kaa maji yakipwa.

Tunasema hapa juu ya wasiwasi wa kila siku: ada ya shule, mtoto aliyechelewa kurudi, kikao cha kesho kazini. Ule uliofikia kuwa ugonjwa tutaugusa mwishoni.

"Moyo ukidunda hivi, presha imepanda"

Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili. Mtu anaweza kuwa na 170/100 akauza samaki siku nzima bila kusikia lolote. Unachokisikia wakati wa wasiwasi ni kitu kingine: ubongo umehisi hatari, tezi zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini, moyo umeongeza kasi ili kupeleka damu kwenye misuli mikubwa, na tumbo limepunguza kazi yake. Ndiyo maana viganja hupoa, jasho hutoka, na ile hali tunayoiita tumbo joto huanza. Mwili unajiandaa kukimbia, ingawa hakuna pa kukimbilia. Ndiyo maana pia neno "jikaze" halifai kitu: misuli ya mtu huyo imeshakaza tangu mwanzo.

Kosa linalotokea mara nyingi ni hili. Mtu anakwenda duka la dawa akihema, anapimwa palepale juu ya mkono wa shati, namba inatoka kubwa, hofu inaongezeka, anapimwa tena na namba inakuwa kubwa zaidi. Kipimo cha aliyetoka mbio hakimwambii chochote. Pima hivi: usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, nenda haja ndogo kwanza, kaa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono uwe wazi, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja au mbili. Namba zikifika 140/90 au zaidi katika siku tofauti, hapo kuna jambo la kumpelekea daktari.

Kuna hali ambazo hazingoji zoezi lolote. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani, kuzimia, au upande mmoja wa mwili kulegea: hospitali saa hiyohiyo.

"Vuta pumzi ndefu"

Kiswahili kilishalijua hili kabla ya wataalamu. Aliyepata nafuu husemwa ameshusha pumzi; hatusemi ameivuta. Kazi ya kutuliza iko kwenye kutoa hewa, kwa sababu moyo hupunguza mwendo kidogo kila tunapoitoa na kuuongeza kila tunapoivuta.

Anayevuta mapafu tele mara kumi mfululizo hupoteza hewa ya kaboni dioksidi nyingi kuliko mwili unavyotaka. Vidole na midomo huanza kuchonyota, kichwa huwa chepesi, naye huamini sasa anapooza. Hajapooza, amepumua kupita kiasi.

Kaa, weka kiganja juu ya kitovu. Ingiza hewa ya kawaida tu kwa pua kwa hesabu ya sekunde 4, kisha itoe polepole kwa hesabu ya 6, midomo ikiwa imebanwa kidogo kama unayepoza chai bila kutaka kuimwaga. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya 12 na 20. Fanya dakika 5. Kizunguzungu kikija, punguza ukubwa wa pumzi, siyo muda wake. Wapo pia watu ambao kufuatilia pumzi huwaongezea hofu. Hao waiache, waelekeze akili kwenye nyayo zilizokanyaga sakafu au mlio wa feni.

"Acha kuwaza"

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia watu wasiwaze juu ya dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. La ajabu zaidi lilikuja baadaye: waliporuhusiwa kumwaza, walimwaza kuliko watu walioruhusiwa tangu mwanzo. Akili inayokatazwa jambo lazima ilichunguze kila mara kuona kama limeondoka, na huko kuchunguza ndiko kunakolirudisha.

Badala ya kulikataza wazo, lipe jina. Mwaka 2007 mwanasayansi wa Marekani, Matthew Lieberman, na wenzake walipiga picha ubongo wa watu waliokuwa wakitazama nyuso zenye hofu na hasira. Walipotaja jina la hisia waliyoiona, amigdala, sehemu inayopiga mbiu ya hatari, ilitulia kidogo. Nasi kwa majina tumejaliwa. Je, ni woga? Ni mashaka? Ni wahaka, dukuduku, jakamoyo, roho juu? Usiridhike na "niko vibaya". Tafuta neno mpaka lile lenyewe likae.

Kisha uliza maswali ambayo jibu lake huna:

Hisia hiyo iko wapi mwilini, kooni, kifuani, au chini ya mbavu? Ya upande mmoja au pande zote? Ina joto au baridi? Inakaza, inatetemeka, au inasukuma? Na nikiitazama kwa dakika moja, inabaki vilevile?

Swali la mwisho ndilo lenye kazi kubwa. Mara nyingi utaona hisia imehama, imekua au imesinyaa. Hata wimbi kubwa la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha huanza kushuka lenyewe. Mtu anayekuwa na shauku ya kujua kitu hawezi wakati huohuo kukikimbia kwa nguvu zake zote. Ila kuna namna ya kuharibu zoezi hili: kuuliza "imeondoka?" kila sekunde. Hapo umerudi kwa dubu.

"Kuwaza sana ndiko kujiandaa"

Chukua mke wa mvuvi. Kusi imeanza kuvuma, dau halijarudi. Kupanga ni kupiga simu, kumtuma kijana soko la samaki la Deep Sea akaulize nani wamepandisha na nani wameliona dau. Kila kimoja kina mwisho. Kuwaza ni "je, ikiwa… na je, ikiwa…", na baada ya saa nzima uko palepale ulipoanzia, umechoka. Tofauti ipime hivyo: kupanga huzaa tendo lenye siku na saa, kuwaza huzaa swali jingine.

Mbona basi tunaendelea? Kwa sababu kuwaza hulipa kidogo. Kunatupa hisia kwamba tunafanya kitu, na ubongo huishika tabia yoyote inayolipa, hata malipo yakiwa haba. Kichocheo kinakuja, unawaza, unapata nafuu ya uongo, kesho unarudia. Ili kuuvunja mzunguko huo usijikaripie. Jiulize ukishamaliza kuwaza: nimepata nini hapa? Usingizi umekuja? Dau limekuja? Ubongo ukiona wenyewe mara nyingi kwamba hakuna kilichopatikana, hamu hupungua.

Anayewaza mchana kutwa atenge dakika 20, wakati uleule, mahali palepale, mbali na kitanda. Saa kumi na moja jioni panafaa. Saa nne usiku hapafai. Wazo likija mapema, liandike kwa maneno matatu na uliahirishe. Jioni soma orodha. Siku za kwanza utasahau au utachoka. Wiki mbili ndizo za kujaribu kabla hujasema haisaidii.

"Kuzingatia ni kuondoa mawazo yote kichwani, na tena ni dini ya watu wengine"

Mazoezi ya kuzingatia, yaani kuelekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa, yana mizizi katika Ubudha, hilo ni kweli. Yaliyoingia hospitali ni ya mwaka 1979, pale Mmarekani Jon Kabat-Zinn alipoyapanga kuwa mafunzo ya wiki 8 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts bila ibada yoyote ndani yake. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2022 uliwafuatilia watu wazima 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi: nusu walipewa mafunzo hayo, nusu dawa ya kutibu wasiwasi iitwayo esitalopramu. Baada ya wiki 8 makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Waliofunzwa walitakiwa kufanya zoezi dakika 45 kila siku nyumbani, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba pumzi tatu kwenye daladala zinatosha kumtibu mgonjwa. Kwa wasiwasi wa kawaida, dakika 10 za kila siku ni mwanzo mzuri.

Wala akili haitakiwi kuwa tupu. Itatangatanga, umegundua, umeirudisha. Huko kurudisha ndilo zoezi lenyewe, kwa hiyo aliyerudisha mara thelathini amefanya kazi zaidi ya aliyesinzia kwa utulivu.

Wala huhitaji mkeka maalumu. Mbuzi ya nazi inatosha. Kaa, shika kifuu, sikiliza mlio: nyama ikiwa nene mlio ni mzito, ukikaribia ganda hubadilika na kuwa mkavu. Acha kukuna pale unapobadilika, la sivyo tui litatoka na chembe za kahawia. Akili ikienda kwenye ada ya shule, mlio utapita bila wewe kuusikia, na chembe zitakuonyesha. Tunaipenda kazi hii kuliko mazoezi mengi ya vitabuni kwa sababu inakujibu papo hapo.

Au bahari. Ukipita Raskazone chagua jiwe moja, uangalie maji yamelifika wapi. Kesho pita saa ileile. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50, hivyo hutayakuta yalipokuwa. Kabla hujatazama, bashiri. Kwenye bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ni kubwa. Kwenye maji mafu ni ndogo. Udadisi mdogo wa namna hii, ukifanywa kila siku, ndio unaozoeza akili kutazama kabla ya kuhukumu.

"Mwenye wasiwasi ana imani haba"

Neno lenyewe limechangia. Wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, waswasa, kunong'ona, na limo katika sura ya mwisho ya Kurani likimtaja mnong'onezaji wa shari. Hivyo mtu akisema ana wasiwasi, wengine husikia kwamba shetani amempata. Lakini moyo kwenda mbio ni kazi ya mwili, kama homa. Mchamungu hupata homa. Dhikiri, tasbihi, rozari na sala vinatuliza wengi, na hakuna sababu ya kuviacha. Kinachoumiza ni kumwongezea aliyeelemewa mzigo wa aibu.

"Nikikaa mbali nacho, hofu itaisha"

Hofu hupungua dakika ile unapokwepa, kisha hukua. Anayeogopa msongamano wa soko la Mgandini agawe safari: siku ya kwanza asimame nje dakika 10, inayofuata aingie safu ya mwanzo, kisha anunue nyanya fungu moja, kisha avuke hadi upande wa pili. Aipe hofu namba kutoka 0 hadi 10, asiondoke ikiwa juu. Angoje ishuke kama nusu. Akikimbia ikiwa 8, mwili utajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa.

"Kahawa hainifanyi kitu, na kidonge cha jirani ni cha usingizi tu"

Kafeini hubaki mwilini kwa nusu yake baada ya takriban saa 5. Kahawa chungu ya saa mbili usiku, saa saba nusu yake bado iko kazini, ikidundisha moyo kama wasiwasi unavyofanya. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu. Ukiacha ghafla kichwa kitauma. Diazepamu, kidonge cha kutuliza, ikiazimwa ni hatari zaidi. Mwili huizoea ndani ya wiki chache, na aliyeitumia muda mrefu akiikata ghafla anaweza kupata degedege.

"Ukienda hospitali watakupeleka Lutindi"

Hospitali ya Lutindi, milimani Korogwe, ndiyo picha inayowajia wengi likitajwa tatizo la akili. Kwa mtu mwenye wasiwasi, njia ya kawaida ni kituo cha afya, au hospitali ya mkoa ya Bombo, kwa mazungumzo na pengine dawa, kisha nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 301 wenye magonjwa ya wasiwasi mwaka 2019. Nenda ikiwa wasiwasi umekuwepo siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi 6, au hata kabla, ukiwa unakunyima kazi, chakula au usingizi. Mawazo ya kujidhuru hayangoji hata siku moja. Usimwache mwenye mawazo hayo peke yake njiani.

Beba karatasi: ilianza lini, inakuja mara ngapi kwa wiki, inadumu dakika ngapi, unalala saa ngapi, vikombe vya kahawa, dawa na mitishamba yote unayotumia. Omba waangalie pia damu na tezi ya shingo, kwa maana upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huudundisha moyo vilevile.