Kabla ya Barua ya Kuacha Kazi, Hesabu Siku za Mbalamwezi

Watu wanaokuja ofisini kwangu wakitaka kuacha kazi huja na hesabu ya mistari miwili. Mstari wa kwanza ni mshahara wanaoupokea, wa pili ni faida wanayoitarajia. "Dada, mkononi napata laki saba na kitu. Nikipeleka magunia kadhaa ya dagaa kwa mwezi nimeshaupita mshahara." Wakimaliza hunitazama, wakisubiri niwaambie waandike barua.

Mimi ni mhasibu. Natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Mwanza: wauza dagaa, mafundi cherehani, wenye saluni, maduka ya vifaa vya ujenzi. Niliacha ajira mwaka 2015 na sijawahi kutamani kurudi, kwa hiyo simkatazi mtu. Namwomba tu akae, atoe salari slipu yake, tuhesabu upya. Nimeona watu wazima, wenye akili na bidii, wakirudi kuomba kazi ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya ile hesabu ya mistari miwili, na inaniuma kila mara.

Tuchukue mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Unakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 90,000. Zile 810,000 zinazobaki ndizo zinazotozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ambayo kwa viwango ninavyovitumia sasa inafika 80,500. Mkononi unapokea 729,500, na hiyo ndiyo namba iliyo kichwani mwa mtu anapolinganisha. Lakini mwajiri naye anakuchangia NSSF asilimia 10 nyingine, 90,000 ambayo huioni. Kwa hiyo anatoa 990,000 kwa mwezi kwa ajili yako, 11,880,000 kwa mwaka. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 yenye malipo, maana yake fedha hiyo ya miezi kumi na miwili unaifanyia kazi takriban miezi kumi na moja. Gawa: 1,080,000 kwa kila mwezi unaofanya kazi. Hapo sijagusa bima ya afya ya familia, kama mwajiri anailipia, wala siku za kuugua. Sheria hiyo hiyo inakupa hadi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kwenye biashara yako, malaria ya siku tano ni siku tano duka limefungwa.

Basi swali la kwanza ninalomuuliza mtu ni hili: biashara unayoitaka itakuachia 1,080,000 baada ya gharama zote, kabla ya kodi? Si lazima ianze hivyo. Wengi wetu tulikubali kushuka kwa mwaka mmoja au miwili. Ila ukijua umeshuka kwa kiasi gani, unajua pia akiba yako itakubeba hadi lini.

Kuhusu kuondoka kwenyewe nitasema machache. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unasema zaidi, na asipozifanyia kazi siku hizo mwajiri anaruhusiwa kukata malipo yake kwenye stahiki za mwisho. Dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako. Usihesabu kiinua mgongo kile cha kisheria cha siku saba kwa kila mwaka wa kazi, kwa sababu huambatana na mwajiri kukuachisha, na wewe unaondoka mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usitegemee fao la upotevu wa ajira. Namba ya mlipakodi, jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni ya halmashauri si mambo ya kukukosesha usingizi.

NSSF ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Pensheni inahitaji angalau michango ya miezi 180. Aliyechangia miaka kumi na moja ana miezi 132. Amebakiza 48 tu, na mtu huyo akiondoka bila kuendelea kuchangia anaiacha pensheni ya uzeeni njiani kwa ajili ya miaka minne. Pita ofisi zao kabla hujaondoka, uulize utaratibu wa mwanachama wa hiari. Wateja wangu wawili wamefanya hivyo. Wengine bado nawasihi.

Halafu kuna mkopo. Watu wengi wenye ajira wana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na mshahara ndiyo dhamana yake. Mshahara ukikoma, deni halikomi, na benki inaweza kudai salio lote. Nimemwona mtu aliyechukua mkopo wa mshahara ili apate mtaji, akaacha kazi mwezi uliofuata, akaanza kulipa rejesho kutoka kwenye mtaji ule ule. Mtaji ulipoisha akaenda kwenye kausha damu, mikopo ya riba ya wiki. Ndani ya miezi minane meza, friji na pikipiki vilikuwa vimeondoka. Kama una rejesho la benki, ushauri wangu ni mmoja na siubadilishi: limalize kwanza ukiwa bado kazini, hata kama itakuchukua mwaka na nusu.

Sasa nije kwenye dagaa, kwa sababu dagaa ndio walionifundisha kazi hii kuliko chuo.

Mteja wangu mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari, na sokoni Kirumba Mwaloni wanamwita Mwalimu hadi leo. Aliacha kufundisha akiwa na mtaji wake mwenyewe, hana deni, na anaujua mzigo: anatofautisha dagaa waliokaushwa kwenye chanja na waliokaushwa mchangani kwa kuwagusa tu. Alinunua Mwaloni, akamuuzia mfanyabiashara anayepeleka Kongo. Mwezi wa kwanza aliuza milioni nne. Alinipigia simu kwa furaha, na mimi nilifurahi naye, kisha tukafungua daftari. Manunuzi ya dagaa yalikuwa milioni tatu na laki mbili. Magunia, vibarua, ushuru, ghala na usafiri vilikula 350,000. Zilibaki 450,000. Na kati ya mauzo yale, milioni moja na nusu zilikuwa mali kauli: mzigo umeshavuka mpaka, fedha itakuja "wiki ijayo".

Mwalimu alikuwa na faida ya 450,000 kwenye karatasi, lakini mfukoni alikuwa na upungufu wa zaidi ya milioni. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kwa mtu aliyetoka kwenye mshahara. Kazini, kilichoandikwa ndicho kinachoingia. Biashara inaweza kukuandikia faida na siku hiyo hiyo ikakukosesha nauli. Na kodi haisubiri mdeni wako alipe. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida hutozwa kwa kuangalia mauzo, si faida, na hulipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwenye biashara ya faida nyembamba kama dagaa anapaswa kuweka kando kidogo kwa kila gunia linalotoka, tangu siku ya kwanza.

Kisha mwezi ukapevuka. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Taa ndiyo inayowakusanya. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, mitumbwi inabaki ufukweni siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Mzigo unaadimika na bei inapanda. Mwenye magunia ghalani huuza vizuri siku hizo. Mwalimu hakuwa na hata moja, kwa sababu alikuwa ameshauza yote kwa bei ya giza ili apate fedha ya chakula na kodi ya nyumba. Alikaa siku tisa bila kununua wala kuuza. Aliniambia kwamba siku ya sita alitembea hadi kwenye geti la shule yake ya zamani, akasimama, akarudi.

Sikuwa na neno la kumfariji, kwa hiyo nilimpa kazi. Tulikaa tukaigawa fedha mara tatu, kwenye laini tatu tofauti za simu, ili asiweze kujidanganya. Moja ni ya mtaji na haiguswi kwa ugali. Ya pili ni akiba ya mbalamwezi. Ndivyo tulivyoiita, na sasa nalitumia jina hilo kwa wateja wote, hata fundi cherehani ambaye mbalamwezi yake ni Januari, wakati wazazi wote wanalipa ada na hakuna anayeshona gauni. Ya tatu ni mshahara wake. Nasema mshahara kwa makusudi. Tulipanga 300,000 kwa mwezi, inatoka tarehe 28 kama zamani, na mkewe ndiye anayeipokea. Ilikuwa pungufu sana ya alichokuwa analipwa shuleni, na ilimlazimu kumhamisha mtoto mmoja shule. Sitaki kulipitisha hilo kama jambo dogo, maana familia nzima ililipia uamuzi wa mtu mmoja. Lakini kuanzia hapo biashara ilianza kuonekana kwenye daftari kama kitu kilicho nje ya tumbo lake, na tukaweza kuona kama inakua au inakufa.

Mimi nilijifunza hilo kwa njia nyingine. Niliacha kazi katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki baada ya kunyimwa ruhusa ya kumuuguza baba yangu kwa sababu ilikuwa wiki ya kufunga hesabu za mwezi. Niliapa kwamba sitaomba tena ruhusa ya kukaa na mgonjwa wangu. Miezi minne baadaye nilikuwa na wateja watano, na mmoja wao pekee alinipa asilimia sabini ya mapato yangu yote. Alinipigia simu saa nne usiku. Alinipigia Jumapili nikiwa kanisani, na nikatoka kupokea. Alichelewesha ankara siku tisini na sikuthubutu kumuuliza kwa sauti, kwa sababu angeondoka ningeshindwa kulipa pango. Baba alipolazwa tena, nilikaa kando ya kitanda chake na kompyuta mapajani.

Nilikuwa nimeacha bosi mmoja aliyefungwa na sheria, nikachukua mwingine asiyefungwa na chochote. Ndipo nilipoanza kuupima uhuru wangu kwa kipimo ninachokitumia hadi leo: naweza kumkataa mteja huyu mwezi huu, na nyumbani tukala? Kama jibu ni hapana, bado sijatoka. Nilijiwekea kanuni kwamba hakuna mteja atakayezidi robo ya mapato yangu, na ilinichukua miaka miwili na nusu kuifikia. Siku niliyomwandikia yule wa asilimia sabini kwamba mkataba wetu umefika mwisho, nilikuwa na akiba ya miezi mitano. Mikono haikutetemeka.

Wanawake wananiuliza zaidi kuhusu uzazi, na nawajibu bila kuficha. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Mteja wangu mwenye saluni alirudi kazini siku ya kumi na tisa baada ya kujifungua, kichanga kikiwa kwenye beseni chini ya kioo, kwa sababu kodi ya fremu ya miezi sita ilikuwa inakaribia na wateja walishaanza kuhamia saluni ya jirani. Alinilipa ada yangu mwezi ule na nilimrudishia. Alipopata mimba ya pili tulianza kuhesabu tangu mimba ilipofika miezi mitatu: akamfundisha msaidizi wake kusuka mitindo yote, akampa asilimia ya mapato badala ya posho ya siku, akaweka kando fedha kila wiki. Alikaa nyumbani siku sabini. Si 84, na bado tunaipigania ile kumi na nne.

Mwalimu sasa ana miaka sita Mwaloni. Mshahara wake aliupandisha kwa awamu mbili, na mwaka jana tu ndipo ulipofika pale ulipokuwa alipoacha kufundisha. Huweka magunia ghalani giza linapokwisha, huyauza bei inapopanda, na biashara hiyo ya siku tano sita humalizwa na kijana wake kwa simu. Yeye huwa hayupo. Mwezi ukianza kupevuka hupanda meli kwenda Ukerewe kwa mama yake, ambaye macho yamepungua nuru, na hukaa huko hadi giza lirudi. Juzi nilimpigia kuhusu kodi ya Septemba, akaniambia atanipigia baadaye, alikuwa anamsomea mama Biblia.