Kabla Hujalipa, Geuza Pakiti

Machi 1, 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali iliyokuwa ikiuzwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Pombe yenyewe iliendelea kuuzwa kwenye chupa. Kilichoondolewa ni kifuko, kwa sababu kilienea kiganjani, kilifichika kwenye sare ya shule, na bei yake ilimudika hata kwa mtoto. Sisi tunaofanya kazi ya vipimo na vifungashio hatujapata mfano ulio wazi kuliko huo. Kifungashio ndicho kinachoamua nani anunue, anunue kiasi gani, na atoke dukani akiamini amepata nini.

Hilo la mwisho ndilo linalowagharimu watu wengi, na nitakaa nalo.

Chukua chupa mbili za mafuta ya kula zenye kimo kimoja. Ya kwanza ina upana wa sentimita 8, ya pili sentimita 7.6. Hiyo ni tofauti ya milimita 4, na zikiwa kwenye rafu mbili mbalimbali hakuna jicho litakaloiona. Lakini upana huingia kwenye hesabu ya ujazo mara mbili, kwa hiyo chupa ya pili imepungua karibu asilimia 10: kama ya kwanza ni lita moja, hii ni takriban mililita 900. Jicho la mnunuzi hupima kimo. Ndiyo maana chupa ndefu na nyembamba huonekana imebeba zaidi kuliko fupi iliyojaa. Tazama na kitako. Kubonyea kidogo huisaidia chupa kusimama imara, ila kitako kilichobonyea sana kinakula nafasi ya mafuta uliyoyalipia.

Kwa hiyo geuza chupa utafute maneno mawili: ujazo halisi, au uzito halisi. Uzito halisi ni wa bidhaa peke yake, bila chupa, kopo wala mfuko. Na angalia kipimo kilichotumika. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa karibu gramu 920, haifiki kilo. Basi chupa iliyoandikwa gramu 900 ina karibu mililita 980, wakati iliyoandikwa mililita 900 ina hizo hizo 900. Namba ni moja, bei inaweza kuwa moja, lakini mafuta si sawa.

Kwenye vipakiti vya bei ya sarafu mambo hujificha zaidi. Kipakiti cha shilingi 200 hakiwezi kupanda kuwa shilingi 215, maana chenji hiyo haipo mtaani. Gharama za kiwanda zikipanda, bei hubaki pale pale na gramu ndizo zinazopungua, huku rangi na picha zikiwa zile zile ulizozizoea. Tuseme kipakiti cha maziwa ya unga cha gramu 15 ni shilingi 500, na kopo la gramu 400 ni shilingi 10,000. Kwa kila gramu 100, mwenye kipakiti analipa zaidi ya shilingi 3,300. Mwenye kopo analipa 2,500. Simlaumu hata kidogo anayenunua kipakiti. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na duka la Mangi linamfaa kwa sababu linamuuzia kiasi alichonacho mkononi. Lakini majirani wawili watatu wakichanga wakanunua kopo moja wakagawana, tofauti hiyo inabaki mifukoni mwao.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayawezi kulibaini kabisa. Mafuta mengi ya kula ya viwandani yameongezwa vitamini A, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga na hewa. Sisi wanunuzi tunapenda chupa angavu ili tuone tunachonunua, na wauzaji kwa kulijua hilo huzipanga nje, kwenye jua, zing'ae. Mafuta yatabaki na rangi yake nzuri ya dhahabu huku vitamini ikipungua siku hadi siku. Mwombe muuzaji akupe chupa ya ndani, ya rafu yenye kivuli, na nyumbani iweke kabatini, mbali na dirisha na jiko. Chumvi nayo ni vivyo hivyo: ikikaa kwenye mfuko ulio wazi gengeni, ikapata unyevu na jua, madini joto hupungua. Nunua iliyofungwa vizuri, kisha ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Halafu kuna sukari, unga na mchele ambavyo muuzaji amevifunga mwenyewe, robo na nusu, vimepangwa kaunta tangu asubuhi. Mkono uliozoea hukadiria vizuri, lakini kukadiria si kupima. Mwambie tu, "Naomba uweke kwenye mzani." Kabla hajaweka, angalia mzani mtupu unasoma sifuri au mshale umeshasogea. Ni ombi la kawaida, na muuzaji mwaminifu hana sababu ya kulikasirikia. Wengi tuliozungumza nao wanasema linawajengea wateja.

Ukikuta bidhaa ya kiwandani imepungua, usiimalizie wala usitupe pakiti. Wengi huja kulalamika mikono mitupu na hapo hatuna pa kuanzia. Tunza pakiti yenyewe na kilichobaki ndani, risiti kama ulipewa, na usikate sehemu yenye namba ya toleo, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayowezesha kufuatilia pakiti nyingine zilizofungwa pamoja nayo. Kisha vipeleke vyote ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako.