Mume Naye Apimwe: Dhana Potofu Kuhusu Kuchelewa Kupata Mtoto

Haipiti wiki hapa Lamu bila kuletewa mke wa watu, kaandamana na mavyaa wake, faili kwapani. Ultrasaundi kapigwa, homoni kapimwa, mpaka Mombasa kenda kupigwa picha ya mirija ya uzazi. Nikiuliza mume kapimwa nini, ni mavyaa anayejibu: "Mwanangu hana neno, daktari. Ni mzima." Nimelisikia jibu hili mpaka nimechoka, na anayeumia ni yule binti aliyekaa kimya kando yake.

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote: kwamba mwanamume asiye na shida chumbani hana shida ya uzazi. Nguvu za kiume na mbegu ni mambo mawili mbalimbali. Uume husimama kwa kazi ya mishipa ya damu na ya fahamu. Mbegu hutengenezwa kwenye korodani. Sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza tendo vizuri kabisa na chini ya hadubini isionekane mbegu hata moja. Mwenyewe hawezi kujua kwa macho, mkewe hawezi kujua, na mamake ndiye kabisa.

Katika kiasi cha nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mume ana mchango wake, peke yake au pamoja na mke. Na mtoto wa mke wa kwanza si ushahidi. Tangu azaliwe yule, baba huenda ameugua kisonono kikaziba njia za mbegu, au amevimba mishipa ya korodani, au ameanza kudunga homoni za kutunisha misuli, ambazo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Wapo pia waliopata matubwitubwi ukubwani yakashukia korodani.

Kipimo chenyewe hakina sindano wala maumivu, tofauti na hiyo picha ya mirija anayoendea mke Mombasa. Mume ajizuie siku mbili hadi saba, kisha atoe manii yote kwenye kikopo cha maabara. Asitumie mate, mafuta wala sabuni, na asitumie kondomu ya kawaida, maana huharibu mbegu. Tone la kwanza lisipotee, ndilo lenye mbegu nyingi. Anayeona uzito kujichua kwa sababu ya dini, mkewe amsaidie humo humo nyumbani. Kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa kimefichwa ndani ya shati karibu na mwili. Msikiweke kwenye barafu. Nimeletewa kikopo ndani ya sanduku la samaki. Wa Shela atawahi kwa boti. Wa Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, hawawahi, bora walale mjini kwa jamaa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, limeweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Aliye chini ya hapo hajaambiwa hazai. Ameambiwa tutafute sababu na turudie kipimo. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, ndiyo maana nasema kurudia ni baada ya miezi mitatu. Mkivuta sigara, acheni leo, mje tuone tofauti msimu ujao. Chupa ya dawa ya nguvu ya wiki mbili, hata ikimpa mtu raha, haijibu swali hili.

Wengine waniona mkali, lakini siandiki rufaa ya picha ya mirija kabla ya majibu ya mume kufika mezani, ila kama mke ana dalili za wazi. Na wote wawili waje baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, au miezi sita kama mke amepita miaka 35.

Mengine nitayapitia haraka. Mimba kutungwa "siku ya 14" kwa kila mwanamke si kweli. Yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Yai haliishi zaidi ya siku moja, mbegu huweza kuishi hata siku tano. Kutaneni kila baada ya siku mbili tatu, muache kuhesabu kwa vidole.

Mke anayezaa wasichana watupu? Kromosomu ya Y, inayoleta mtoto wa kiume, hutoka kwa baba. Basi.

Aliyepona kisonono hajapata kinga. Mwili hauachi ulinzi wa maana dhidi ya ugonjwa huu, na mtu huambukizwa tena na tena. Ukitibiwa peke yako, mwenzio atakurudishia, na kila mara mirija yake inazidi kupata makovu.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu haikaushi kizazi, ila huchelewesha: mimba huweza kuchukua miezi tisa, kumi au zaidi tangu sindano ya mwisho. Anayetaka kushika mimba mwakani aache sindano sasa, atumie vidonge au kondomu mpaka wakati wake ufike.