Huyu sisimizi ana jina au hana?

Watu wakisikia nafanya kazi ya sisimizi wanadhani shughuli ni kuingia msituni, unageuza gogo, unapiga kelele "nimempata mpya!" halafu unarudi zako Kigoma mjini. Kiukweli msituni hakuna kugundua, kule ni kuokota tu. Ugunduzi unakuja baadaye sana, umekaa mezani na hadubini shingo inauma, na mara nyingi unachogundua ni kwamba mdudu wako alishapewa jina na mtu mwingine kabla babu yako hajazaliwa.

Tuanze na huko kuokota basi. Tabora na sehemu kubwa ya Kigoma ni miombo, nayo ina sisimizi wake wengi tu, ila msitu wa kijani mwaka mzima kwetu unaukuta kwenye mabonde ya mito kule Gombe na kwenye miteremko ya Mahale, ambako kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462. Mali yenyewe iko chini, kwenye majani yanayooza. Unakusanya majani ya eneo la mita moja ya mraba, unayachekecha, kilichopita unakitia kwenye mfuko wa wavu na huo wavu unauning'iniza ndani ya mfuko wa kitambaa, chini yake kikopo cha spiriti. Takataka zikianza kukauka wadudu wanahangaika kutafuta unyevu na wanadondoka wenyewe, wewe unasubiri saa 48 tu. Unaitwa mfuko wa Winkler, na utaratibu unaotumika dunia nzima ni kuchukua sampuli 20 kwenye mstari wa mita 200 ili wa kwetu waweze kulinganishwa na wa Kongo au wa Brazili. Spiriti iwe ya asilimia 95 kama unataka DNA baadaye, sio ile nyepesi nyepesi.

Wa juu ya miti ni habari nyingine. Edward Wilson, mtaalamu wa sisimizi wa Marekani, aliwahi kuhesabu spishi 43 za sisimizi kwenye mti mmoja Peru, karibu sawa na zote zinazoishi Uingereza, mti mmoja jamani. Na kwa hapa kwetu sokwe walishatutangulia, wa Gombe wanachovya vijiti kwenye viota vya siafu, wa Mahale wanavua sisimizi weusi wa Camponotus kwenye mashimo ya miti, kila kundi na mapishi yake.

Sasa mezani. Kwanza kiuno, je kina kifundo kimoja au viwili? Ncha ya tumbo ina mwiba au ina tundu la kurushia asidi? Unahesabu pingili za vipapasio, meno ya taya, unaangalia miiba ya mgongoni, unapima upana wa kichwa. Kufika kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, sio kazi, Barry Bolton alishatuandikia funguo za kutambulia jenasi zote za dunia mwaka 1994 na ukizoea unamaliza dakika chache. Shida inaanza unapoteremka kwenye spishi, hasa ukiwa na jenasi kama Tetramorium, Crematogaster au Pheidole. Hao Pheidole ndo balaa, kiota kimoja kina wafanyakazi wadogo wa kawaida na wengine wenye vichwa vikubwa kama wamevaa helmeti, na wote mama yao mmoja, ukiletewa mmoja mmoja bila kiota unaweza kuapa ni spishi mbili. Wilson alipowapitia wa bara la Amerika, kazi iliyotoka 2003, alikuwa na spishi 624 na kati ya hizo 337 hazikuwa na jina kabisa.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha siafu. Dume la siafu lina mabawa, kubwa, la kahawia, tumbo refu, halifanani kabisa na wale wanaokuingia kwenye suruali, na mvua zikianza linakuja kwenye taa, ukiwasha taa barazani usiku utaliona. Linnaeus, yule yule aliyeanzisha mfumo mzima wa majina, aliletewa dume la siafu kutoka Afrika Kusini na mwaka 1764 akaliandika kuwa ni nyigu! Halafu miaka ikaenda watu wakawa wanatoa majina kwa madume upande huu na kwa wafanyakazi upande ule, hakuna anayejua nani ndugu wa nani mpaka dume likutwe ndani ya kundi lake au DNA isomwe. Kwa hiyo ukikuta siafu "mpya", swali ni kama dume lake halijakaa kwenye droo ya makumbusho Ulaya na jina lake tangu zamani.

Na droo zenyewe ni nyingi. Felix Santschi, daktari Mswisi aliyekuwa anatibu watu Kairouan huko Tunisia, aliandika majina mengi mno ya sisimizi wa Afrika, mengine kutokana na mdudu mmoja au wawili waliokufa. Mkusanyo wake uko Basel. Wengine wako Geneva, Tervuren huko Ubelgiji, London. Ili niseme wangu hana jina lazima nimlinganishe na hao wa mwanzo wenyewe, wale waliobeba jina, sio na maelezo ya mistari minne ya Kifaransa. Zamani ilikuwa uandike barua usubiri au upande ndege. Tangu 2002 kuna tovuti ya AntWeb, picha za karibu za uso, ubavu na mgongo, bure, na mimi nasema bila aibu hizo picha zimetusaidia huku kuliko semina zote nilizokalishwa.

Vijana wananiambia si upime DNA tu yaishe. Inasaidia, ila kile kipande kifupi cha DNA cha herufi 658 kinachosomwa kinakwambia wangu wanatofautiana wao kwa wao, hakikwambii yupi ndo yule wa Santschi, maana yule wa kwenye pini miaka 100 mara nyingi DNA yake imeshachakaa.

Ndo maana inachukua muda. Kuna watafiti wa Ufaransa walihesabu mwaka 2012 wakakuta kwa wastani kiumbe kinakaa miaka 21 kwenye rafu kati ya kuokotwa na kupewa jina. Sisimizi Martialis heureka wa Manaus, Brazili, mfanyakazi mmoja tu aliyeokotwa 2003, yeye alikuwa wa ajabu kiasi kwamba alitengenezewa nusufamilia yake, yaani tawi zima la peke yake ndani ya familia ya sisimizi, na bado alitangazwa 2008.

Jina lenyewe ni sehemu fupi. Unachagua mdudu mmoja awe kielelezo, unaandika makala, unachapisha. Jirani zetu Kenya wana sisimizi Zasphinctus obamai wa msitu wa Kakamega, 2017, kwa heshima ya Obama. Kuna mzee mmoja Ujiji ameshanitania kwamba atanipa debe la mawese nikimpa sisimizi jina lake. Mzee wangu, shikamoo, huyo sisimizi wangu wa Mahale kwa sasa anaitwa Tetramorium namba 4, nina wafanyakazi tu, malkia sina, na kuna wawili wa zamani anaofanana nao ambao picha zao hazionyeshi chini ya kichwa. Mawese yakae kwanza.