Thamani ya forodha: pale kodi ya nguo zako inapoanzia

Gauni umelinunua Guangzhou kwa dola 8. Likishatoka bandarini Dar es Salaam, kabla hujalipa hata pango la fremu, limeshakula kama dola 16. Wengi wanaoanza biashara ya nguo huchanganyikiwa hapo. Walisikia ushuru ni asilimia 35 na VAT ni asilimia 18, wakajumlisha wakapata 53, wakapanga bei zao kwa hesabu hiyo. Mzigo ukifika, mtaji umepungua na hawajui umepotelea wapi. Umepotelea kwenye jambo moja ambalo ni vizuri ulielewe kabla hujatuma hela: thamani ya forodha.

Thamani ya forodha ni kiasi ambacho mamlaka ya kodi inakichukua kuwa msingi wa kukokotoa ushuru. Bei uliyomlipa muuzaji ni sehemu yake tu. Kwa mzigo wa meli unaoingia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, unachukua bei ya bidhaa, unaongeza nauli ya kuifikisha bandari ya kuingilia, unaongeza na bima. Mawakala wa forodha wanaiita CIF. Utaratibu huu umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kwa hiyo msingi ni uleule ukishusha mzigo Mombasa au Dar es Salaam.

Tufanye hesabu. Umenunua magauni 200 kwa dola 8, jumla dola 1,600. Nauli ya meli dola 350, bima dola 50. Thamani ya forodha ni dola 2,000. Ushuru wa asilimia 35 ni dola 700. Sasa inakuja VAT, na hapa ndipo watu wanapokosea: haitozwi kwenye zile 2,000, inatozwa kwenye 2,700, yaani thamani pamoja na ushuru wenyewe. Asilimia 18 ya 2,700 ni dola 486. Umelipa dola 1,186. Hiyo ni asilimia 59.3 ya thamani ya forodha, wala si 53. Na ukiipima kwa zile 1,600 ulizompa muuzaji, kodi peke yake ni karibu robo tatu ya bei ya kununulia. Gawanya gharama yote kwa magauni 200: kila gauni limefika dola 15.93, na hapo bado tozo nyingine kama ile ya maendeleo ya reli, gharama za bandari na ujira wa wakala. Tozo hizi hubadilika bajeti inaposomwa kila Juni, kwa hiyo usitumie karatasi ya hesabu ya mwaka jana.

Kama umesajiliwa VAT, zile dola 486 hazijapotea. Unazikata kwenye VAT unayokusanya kwa wateja. Kama hujasajiliwa, ni gharama yako moja kwa moja, na ni lazima iingie kwenye bei ya gauni.

Asilimia 35 haikuwepo tangu mwanzo. Ushuru wa Pamoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005 ulikuwa na ngazi tatu: 0, 10 na 25. Tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, na nguo zikawekwa humo pamoja na bidhaa nyingine ambazo nchi wanachama zinaamini zinaweza kuzitengeneza zenyewe. Nia yake naielewa. Pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa robota, halafu inarudi ikiwa shati. Lakini mzigo huo kwa leo anaubeba mama mwenye magauni yake 200, na hakuna anayemkalisha chini kumweleza hesabu inavyokwenda. Hilo linaniuma.

Mitumba ina kipimo cha pili. Ushuru ni asilimia 35 ya thamani au dola 0.40 kwa kila kilo, kinachochukuliwa ni kile kikubwa. Belo la kilo 45, hata uandike kwamba umelipata kwa bei ya chini namna gani, ushuru wake hauwezi kushuka chini ya dola 18.

Kuna mambo matatu madogo kuhusu thamani yanayowaponza watu. La kwanza ni kamisheni. Ukimlipa mtu wa kukuzungusha masokoni China na kukununulia, ujira wake ni kamisheni ya ununuzi, na sheria haiiweki kwenye thamani ya forodha. Lakini ikichanganywa na bei ya nguo kwenye ankara moja, utatozwa ushuru hata kwa kamisheni hiyo bila sababu. Mwambie aandike ankara yake peke yake. La pili ni nyongeza ya bure. Kiwanda kikikuongezea magauni 10 kama shukrani, hayo nayo yana thamani na ni lazima yaonekane kwenye tamko lako la forodha, yaani karatasi ya kueleza umeleta nini na kwa thamani gani. Yasipoonekana na maboksi yakafunguliwa, utahesabiwa umeficha. La tatu ni mahali pa kununulia. Watu wanadhani nguo ya Nairobi haina ushuru kwa kuwa Kenya ni Jumuiya. Kinachoangaliwa ni ilikotengenezwa, siyo iliponunuliwa. Shati lililoshonwa Kenya kwa masharti ya uasili wa bidhaa linapita bila ushuru likiwa na cheti chake, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha uasili kinachopatikana mpakani. Shati la China lililonunuliwa Eastleigh, Nairobi, ni la China, na la Uturuki lililonunuliwa Dubai ni la Uturuki.

Sasa niseme kuhusu ankara za uongo. Ushauri unaozunguka ni kwamba mwambie muuzaji aandike dola 2 badala ya 8. Usifanye. Afisa wa forodha anayo kumbukumbu ya mizigo mingine ya aina hiyohiyo. Akiwa na sababu ya kuutilia shaka ukweli wa bei yako, atakutaka uithibitishe, na ukishindwa anaiweka kando bei hiyo. Anakwenda kwenye thamani ya bidhaa zilezile zilizoingizwa na wengine, akikosa anatazama zinazofanana nazo, akikosa tena zipo njia nyingine za kukokotoa, kwa mpangilio uliowekwa na sheria. Kinachomwokoa mwenye bei ya kweli ni ushahidi: ankara, hati ya shehena, na karatasi ya benki inayoonyesha kiasi kilekile kimetoka kwako kwenda kwa muuzaji. Aliyetuma hela mkononi kupitia mtu hana cha kuonyesha hata kama anasema kweli.

Jambo jingine ni huu mtindo wa kulipia msafirishaji kwa CBM, yaani kwa mita ya ujazo ya mzigo, bei moja ambayo unaambiwa kodi imo ndani. Ni rahisi, na kwa mtu mwenye maboksi mawili sina ubavu wa kumlaumu. Ila elewa unachokosa. Mzigo umeingia kwa jina la mwingine, tamko la forodha si lako, na VAT iliyolipwa huwezi kuikata. Siku ukiulizwa dukani nguo hizi ziliingiaje nchini, unabaki na risiti ya usafiri tu. Jirani yangu mmoja yalimkuta hayo. Alikuwa amelipa kila shilingi aliyoambiwa, ila karatasi hakuwa nazo. Mdai msafirishaji nakala ya tamko kabla hujampa hela, siyo baada ya mzigo kufika.

Anayesafiri na kurudi na mabegi ana utaratibu wake. Nguo zako za kuvaa hazitozwi. Vitu vipya ulivyonunua vina kikomo cha msamaha, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 500 kwa msafiri aliyekaa nje ya nchi za Jumuiya zaidi ya saa 24. Mwaka 2023 wasafiri wa Kenya walipokumbushwa kikomo hicho, kelele zilikuwa nyingi, na serikali yao ikasema itakipandisha. Kwa hiyo uliza cha sasa kabla hujapanda ndege. Msamaha huu ni wa vitu visivyo vya kuuza. Jinzi 30 za saizi mchanganyiko kwenye begi moja hazimshawishi mtu kwamba ni za kwako.

Na ukiona thamani yako imepandishwa usivyoridhika, usiishie kulalamika kwa wakala. Una haki ya kuomba kwa maandishi uelezwe thamani ilivyofikiwa. Baada ya hapo unazo siku 30 tangu uamuzi kumwandikia Kamishna wa Forodha ukiomba aupitie upya, ukitaja sababu na kuambatisha ushahidi wako. Naye anazo siku 30 za kukujibu, na akinyamaza mpaka zikapita, sheria inahesabu kuwa amekubali ombi lako. Akikataa, kwa Tanzania Bara unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Andika barua hiyo mwenyewe au uandikiwe, lakini hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 30 za Kamishna zinahesabiwa kuanzia hapo.