Mayai matano na pipa la Sarepta

Mnada wa sadaka za mazao usharikani kwetu huanza mara ibada inapokwisha, chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Mwezi uliopita dalali wetu aliinua sahani yenye mayai matano. Aliyapandisha mpaka elfu tatu, na aliyeyanunua akalipa na kusema, "Narudisha." Yakanadiwa upya, yakafika elfu nne, yakarudishwa tena. Mpaka anapatikana mtu wa kwenda nayo nyumbani, mayai yale yalikuwa yameingiza shilingi 19,000. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika daftarini. Bibi aliyeyaleta alikuwa amekaa kwenye jiwe pembeni, mikono mapajani, anatazama tu. Anaishi peke yake kule bondeni, na najua ana kuku mmoja.

Nimefundisha uwakili, yaani kumtolea Mungu na kutunza mali kama amana yake, kwa miaka 14. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu fungu la kumi, kama litolewe kabla ya makato au baada yake. Huwa ni mtu ananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nikitoa hiki, kesho tutakula nini?" Simwoni anayeuliza hivyo kuwa amepungukiwa imani. Mjane wa Sarepta katika Biblia naye alimweleza nabii Eliya waziwazi kilichobaki ndani.

Habari yake iko 1 Wafalme 17. Mvua imekatika, na Eliya anatumwa kwa mjane wa Sarepta, mji wa pwani katika nchi ya Sidoni, Lebanoni ya leo, nje kabisa ya Israeli. Anamkuta akiokota kuni ili apike mara ya mwisho, yeye na mwanawe wale, wafe. Ana konzi moja ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa. Eliya anamwomba amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo.

Hapo ndipo wahubiri wengi hukimbilia muujiza. Mimi huwaomba wanafunzi wangu wasome polepole. Maandiko hayasemi pipa lilijaa hadi juu. Yanasema unga haukupunguka. Namwona mama yule kila asubuhi akiinama, anaingiza mkono, anakuta cha siku hiyo. Kesho yake vilevile, hadi mvua iliporudi. Hatusomi kwamba alipata nyumba kubwa wala shamba la pili. Alikula, mwanawe akala. Na jambo ninalolipenda kuliko yote katika sura ile: Eliya hakupokea mkate wake akaenda zake. Alikaa nyumbani mle, akala kutoka pipa lilelile. Unga ungekwisha, na yeye angelala njaa.

Sasa twende hekaluni, Marko 12. Mjane maskini anatia senti mbili. Kwa hesabu za fedha za Kirumi, senti hizo mbili ni sehemu moja ya 64 ya dinari, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kibarua wa kwetu akilipwa elfu kumi, mama yule alitoa kama sarafu ya mia na ya hamsini. Yesu akasema ametoa kuliko wote, maana ndiyo riziki yake yote. Tunamsifu mjane huyu kila tunapofungua mfuko wa ujenzi. Lakini rudi nyuma mstari mmoja tu kabla ya habari yake, mstari wa 40: Yesu anawakemea waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane. Halafu mwanzoni mwa sura ya 13 anatabiri kwamba hekalu lile halitasaliwa na jiwe juu ya jiwe. Marko ameuweka moyo mkubwa wa mama huyu katikati ya hukumu mbili. Mchungaji anayemtaja mjane bila kuutaja mstari wa 40 amesoma nusu.

Nasema hivi kwa uchungu. Mama mmoja alikuja kwangu akilia. Alikwenda kwenye mkutano wa injili, akaambiwa apande mbegu inayomgusa, atavuna ndani ya siku saba. Akatoa ada ya mtoto. Siku saba zikapita, mtoto akarudishwa nyumbani, na aliporudi kuuliza akaambiwa imani yake ilikuwa na shaka. Yesu aliwahi kuwakemea watu waliotamka "Korbani", yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu, juu ya mali iliyopasa kuwatunza wazazi wao, kana kwamba Mungu hufurahi kupokea haki ya mtu mwingine. Utaniambia mjane wa Sarepta naye alitoa unga wa mwanawe. Ni kweli. Ila yeye alipewa kwanza neno la Bwana kuhusu pipa, na aliyempa neno hilo akahamia kwake. Aliyepokea ile ada hata hakuwa na muda wa kumsikiliza yule mama.

Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, makanisa ya Makedonia yalitoa kupita uwezo wao, tena katika umaskini mwingi. Kwa Wakorintho aliandika kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa alicho nacho, si kwa asicho nacho. Kisha akawakumbusha mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani: aliyekusanya vingi hakuzidi, na wa vichache hakupungukiwa. Kumbe Mungu hutupa riziki pia kwa kupitisha cha huyu mkononi mwa yule. Na ili asilaumiwe juu ya fedha hizo, Paulo alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili. Ndiyo maana kwetu sadaka huhesabiwa na watu watatu, na jumla husomwa mbele ya ibada.

Bibi wa mayai yumo katika orodha ya diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji. Hupata kilo kumi za unga kila mwezi. Baada ya mnada ule, mzee mmoja wa kanisa alisema kikaoni, kwa nia njema kabisa, kwamba tumwambie asilete tena, ayale mayai yake. Tukajadiliana muda mrefu. Nikawasomea 2 Wakorintho 8:4, pale Wamakedonia, maskini wale, wanapomsihi sana Paulo asiwanyime nafasi ya kuwahudumia wenzao. Tukakubaliana bibi asikatazwe. Tulichobadilisha ni siku: unga wake sasa hufika Alhamisi kabla ya Jumapili ya mnada. Zamani ulikuwa ukimfikia wiki moja baadaye.