"Nitafidia wikendi" na dhana nyingine kuhusu kazi na maisha

"Nitafidia wikendi." Hapa Dodoma dhana hii, kwamba usingizi na muda wa familia uliopotea wiki nzima utarudishwa Jumamosi na Jumapili, ndiyo inayoongoza, hasa kwa waliohamishiwa huku familia zikabaki Dar, na ndiyo inayochosha kuisikia. Tuhesabu basi. Wiki ina saa 168. Toa 45 za kazi, ukomo wa kawaida kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Toa 49 za kulala, saa saba kila usiku. Zinabaki 74. Saa zipo, ila zinaliwa vipande vipande: ugali uko mezani, grupu la ofisi linalia, "nitumie tu lile faili". Kazi yenyewe dakika 15, lakini jioni nzima imekwenda, maana masikio yanasubiri mlio mwingine.

Ukilala hadi saa sita mchana Jumamosi na Jumapili, saa ya mwili inasogea. Jumapili usiku macho makavu, Jumatatu unapanda gari la Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ukiwa hoi kuliko Ijumaa. Na aliyekwenda Dar na treni ya Ijumaa jioni ana Jumamosi moja tu ya kugawia watoto, mwenza, msiba na fundi bomba.

Siku ya kazi ifungwe. Dakika 10 kabla ya kutoka, andika kwenye karatasi hatua ya kwanza ya kesho. Usiandike "ripoti", andika "jaza jedwali la pili, ukurasa wa 4". Kisha zima mlio wa grupu, acha simu za kawaida ziingie. Mwenye dharura atapiga. Anza na jioni mbili, Jumanne na Alhamisi. Wanaotaka tano kwa mpigo huchoka mapema. Na tafadhali, kama kazi yako inafuata Bunge la bajeti, usianze Aprili. Mpaka Juni linda usingizi tu.

"Dodoma hakuna foleni, nafasi itapatikana yenyewe." Saa uliyookoa barabarani usipoipangia shughuli, utaikalia ofisini.

"Mizani ni nusu kwa nusu." Hapana. Mwezi wa kufunga hesabu kazi italemea, mtoto akilazwa nyumbani kutalemea. Wiki nne zikipita upande ni uleule, kaa na mkuu wako mpunguze kazi.

"Ovataimu ni hisani ya bosi." Kwa sheria hiyohiyo, inahitaji makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara 1.5 ya malipo ya saa ya kawaida. Mshahara wa msingi 585,000: gawanya kwa 4.333 (wiki za mwezi), kisha kwa 45 (saa za wiki). Ni kama 3,000 kwa saa, hivyo ovataimu ni 4,500. Menejimenti ya juu kanuni hizi za ovataimu haziwahusu, msije mkadai.